Mwaka wa Kumngoja Nzohe

Athumani, mwenye duka la njia panda kule Kyerwa, alipofariki mwaka huu, mwanawe alinipigia simu baada ya swala ya alfajiri. Kabla umande haujakauka nilikuwa nimeshatoka Ihembe na gari langu, nikapita Kayanga bila kusimama hata kununua maji ya kunywa, nikashika barabara ya Kyerwa. Nilifika kabla ya ndugu zake wa Bukoba. Nilikaa mkekani na wazee, nikapokezana jeneza na wengine, nikatia udongo kwa mikono yangu, kisha nikarudi mkekani kukaa na wafiwa. Nyuma yangu mtu mmoja alimwuliza mwenzake, “Huyu mwenye kofia ya turubai ni nani?” Mwenzake akajibu, “Ndiye yule wa kamera. Yule aliyekaa kwenye mafunjo.” “Si walisema alihamia Ulaya?” “Amerudi. Amejenga Ihembe, nyumba kama ofisi ya halmashauri.” Nilifurahi kusikia hivyo, sitaficha. Lakini yule wa kwanza akauliza, “Na siku hizi anaongea?” Wakacheka chini chini, wakakumbuka wako msibani, wakaacha. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikaa sebuleni bila kuwasha taa wala televisheni, na mwaka ule wa mafunjo ukanijia wote.

Watu wa Kayanga husema najivuna. Wana haki, na mimi nina haki zaidi. Nimepiga picha papa-potwe chini ya maji ya Mafia, mdomo wake umefunguka mbele yangu kama mlango wa gereji. Nimepiga picha pweza akibadili rangi mara nyingi kuliko kinyonga, na kasa akitaga huku machozi ya chumvi yakimtiririka. Nimekaa juu ya miti kuwasubiri sokwe, na ndani ya shimo kumsubiri kakakuona. Picha zangu zimeonekana katika nchi ambazo mimi mwenyewe sijafika, na nimefika nyingi. Stashahada yangu ya utengenezaji wa filamu imetundikwa sebuleni ndani ya kioo, na anayeingia kwangu lazima aione kabla hajaketi. Sikuwa na mjomba serikalini wala mfadhili. Habari za ukoo wangu na utoto wangu nitaziacha, maana hazikunisaidia kushika kamera, na kitabu hiki ni cha aliyeshika kamera. Kilichonifanya mimi ni mwaka mmoja, bonde moja la matope, na mnyama mmoja ambaye wengi wanaoishi karibu naye hawajawahi kumwona mzima kuanzia pembe hadi kwato.

Nilikuwa nimerudi Kayanga kutoka Dar es Salaam na stashahada mpya kabisa, nikidhani mji mzima utasimama kunipokea. Haukusimama. Kazi iliyokuwepo ilikuwa kupiga video za harusi na za kipaimara, na kuweka maua yanayozunguka pembeni mwa uso wa bibi harusi, kwa sababu bila maua wateja walisema picha haijakamilika. Ndipo akaja Olavu, Mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa anatengeneza filamu ya Mto Kagera. Alikuwa na viboko, alikuwa na mamba na ndege wa kila namna. Alichokosa ni nzohe, yule swala wa majini, jike akiwa na mtoto wake, wakati wa kunyonyesha. Mtu aliyemweka kumngoja alikuwa ameugua na kuondoka. Olavu alitazama kazi zangu za harusi, akayafumbia macho yale maua, akasema naonekana kuwa na mkono usiotetemeka. Tukakubaliana hivi: yeye angeendelea na safari zake za juu na chini ya mto, mimi ningebaki na kamera hadi mwisho wa kiangazi kijacho. Nikimpata nzohe na mtoto, nakwenda na Olavu Mafia kama mpigapicha kamili, jina langu likiandikwa mwisho wa filamu. Nisipompata, kamera inaondoka na mimi narudi kwenye maua. Hakuwa mkatili. Alilisema jambo hilo huku akinimenyea chungwa.

Alinipeleka mwenyewe hadi Kyerwa, kwenye kijiji kimoja kilichokaa juu ya kilima, na chini yake bonde la mafunjo linaloshuka hadi mtoni. Mbele ya mwenyekiti wa kijiji alinitambulisha kuwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mimi sikumsahihisha. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kweli, na neno mtaalamu lilinikaa vizuri mwilini. Nilimjibu mwenyekiti kwa Kiswahili cha mjini, cha haraka, na kuanzia hapo kijiji kizima kilijua kwamba mimi ni mtu wa pwani nisiyejua hata neno moja la Kinyambo. Nililelewa kwa Kinyambo. Nilicheza, nilichapwa na kubembelezwa kwa Kinyambo. Lakini mtaalamu hatoki Ihembe, au ndivyo nilivyoona wakati ule, na nikaacha mambo yakae hivyo.

Kupiga picha mnyama anayeishi kwa pua na masikio kuna masharti yake, na Olavu aliyataja yote kabla ya kuondoka. Nisitumie sabuni. Nisivute sigara, nisile kitunguu wala kitu kilichokaangwa. Nguo za kazi zisifuliwe ila kwa maji ya bonde lenyewe, na zikaukie juu ya mafunjo. Nikishashuka kilima asubuhi nisiseme neno lolote, hata mtu akinisemesha, mpaka nitakapopanda tena jioni. Kibanda changu cha kujifichia kilikuwa kwenye kichuguu kikubwa ukingoni mwa maji, kimesukwa kwa mafunjo mabichi niliyobadilisha kila yaliponyauka, na ndani kulikuwa na nafasi ya kamera kwenye miguu yake mitatu, ndoo, kigoda, na mimi. Anayetoka Karagwe au Kyerwa ameshaelewa mahali penye shida. Kwetu mtu hapiti mtu bila kumsalimu. Unasimama, unauliza alivyoamka, unauliza watoto walivyoamka, unauliza migomba, na yeye anakuuliza yako, na hakuna aliyewahi kuchelewa popote kwa sababu hiyo. Anayepita kimya ama amefiwa ama ana nia mbaya. Mimi nilipita kimya kila asubuhi kwenye njia ya bondeni, nikinuka tope, na macho nimeyainamisha. Mwanzoni watu walinisalimu kwa sauti ya kawaida. Baadaye walisalimu kwa sauti ya juu, wakidhani sisikii. Mwishowe wakaacha, wakawa wananipisha njia kama wanavyopisha ng’ombe asiye na mchungaji.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la Athumani, kati ya stoo na banda la kuku. Babu yake Athumani alitoka Pangani na misafara ya biashara, akaoa huku, na nyumba ile ilikuwa bado inaongea Kiswahili cha taratibu chenye adabu nyingi. Ndani ya chumba aliweka bidhaa zilizozidi, kwa hiyo nililala kando ya maboksi ya sabuni ya mche yaliyopangwa hadi darini, nami nikiwa mtu pekee katika kata ile niliyekatazwa kuigusa. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikaanga vitunguu kila jioni. Harufu ilipita chini ya mlango ikanikuta nimekaa kitandani na bakuli langu la ndizi za kuchemsha na maharage yaliyotiwa chumvi tu. Alinipakulia kwa huruma, lakini alinipakulia barazani, na bakuli langu lilikaa mbali na mabakuli mengine. Ukuta kati yao na mimi ulikuwa wa mbao. Niliyajua mambo yao yote.

“Baba Hamisi, yule kijana ananuka. Wateja wananiuliza kama nimefuga beberu chumbani.”

“Mwache, yuko kazini.”

“Kazi gani ya kukaa topeni kutwa ukitazama majani?”

“Anamngoja mnyama.”

“Si aende mbugani? Wanyama wamejaa.”

“Anamtaka huyohuyo mmoja.”

“Basi hana tofauti na mwanamume aliyependa mke wa mtu,” alisema Bi Mwanaidi, na nikasikia Athumani akicheka mpaka akakohoa.

Ningelikuwa na watu hawa tu, nadhani ningekimbia kabla vuli haijaisha. Waliofanya nikae ni wanawake wawili, mawifi, waliokuja kukata mafunjo ya mikeka na majani ya kutandika sakafuni, karibu kabisa na kichuguu changu. Mmoja aliitwa Paskazia na mwingine Editha. Kutokana na jinsi kibanda kilivyoelekea maji, sikuwaona. Niliona mkono ukivuta funjo, au ukingo wa khanga, basi. Lakini niliwasikia kama vile wamekaa magotini pangu. Paskazia ndiye aliyekuwa na mdomo. Siku za mwanzo alinisalimu kwa heshima, kwa Kiswahili, na mimi kwa sharti la kazi sikujibu. Mtu mwingine angeudhika. Yeye aliamua kunijibia.

“Shikamoo, Bwana Kichaka!” aliita alipofika. Kisha, kwa sauti nzito ya kiume, “Marahaba, mama, umeamkaje?” Kisha kwa sauti yake, “Nimeamka salama, sijui wewe na vyura wako.” “Vyura hawajambo, mama, ila wananinyima usingizi.” “Pole. Oa.”

Editha alicheka kwa namna ya kukwama, kama injini isiyotaka kuwaka. “Wifi, acha. Siku moja atakujibu uanguke majini.”

“Ajibu kwa nini? Ni bubu huyu,” Paskazia alisema, sasa kwa Kinyambo. “Mungu alimnyima mdomo, akamhurumia, akampa jicho la kioo.”

Walinisemesha kwa Kiswahili na kunisengenya kwa Kinyambo, na mimi niliyapata yote mawili. Walinitafutia mke. Kulikuwa na binti wa jirani mmoja aliyekuwa na mafua ya kudumu, wakasema huyo ndiye atanifaa, maana hatanisikia harufu. Walijadili kama Wazungu wananilipa kwa siku au kwa chura. Niling’ata mkono wa shati nisicheke. Walipochoka na mimi walirudi kwenye mambo yao, na hayo ndiyo niliyoyangoja zaidi: nani amemwaga pombe ya ndizi ya mumewe akasingizia mbuzi, kwaya ya kanisani itaimba nini, senene mwaka huu wamechelewa, kaka wa Editha amenunua redio isiyokamata kitu ila Rwanda. Paskazia alikuwa na mtoto wa kiume Mwanza ambaye hakuleta habari. Hilo alilisema mara chache, akiwa anakata, bila kubadilisha sauti. Asubuhi moja ya mvua ndogo aliniita kama kawaida, hakujijibu, akamwambia Editha kwa Kinyambo, “Huyu naye ana mama yake mahali. Sasa hivi anawauliza watu kama wamemwona.” Mama yangu alikuwa Ihembe, nusu siku kwa basi, na nilikuwa sijampelekea salamu tangu nifike. Nilisema sitaingia kwenye habari za kwetu, kwa hiyo naishia hapo.

Tatizo ni kwamba nzohe naye aliwasikia. Nzohe ana kwato ndefu zilizotawanyika, zimeumbwa kwa kutembea juu ya mafunjo yaliyolala majini bila kuzama. Akishtuka hakimbii mbali kama swala wengine. Anaingia majini taratibu, anabakiza pua, na unaweza kukaa kutwa nzima ukitazama pua yake ukidhani ni jani. Nilijua jike mmoja anazunguka pale, mwekundu wa kahawia, mwenye mistari myeupe mbavuni. Nilikuwa na picha za mgongo wake na za masikio. Masika yalipokuwa yanaisha niliona tumbo lake limeshuka, na baada ya hapo nikaliona limekwisha. Mtoto alikuwepo, amefichwa kwenye kitanda cha mafunjo yaliyokanyagwa. Mama alimwendea alfajiri na jioni, gizagiza, wakati kamera za siku zile hazikuona kitu. Mchana, bonde likiwa na mtu, hakutoka. Na bonde lilikuwa na mtu kila siku.

Olavu alipopita kuchukua kanda alikaa chumbani kwangu akazitazama zote kwenye kioo kidogo cha kamera, akishikilia leso puani kwa sababu yangu. “Ni wale akina mama,” alisema. “Mwambie mtendaji wa kijiji. Wakate upande mwingine mpaka kiangazi kiishe. Wakiwa pale hatatoka.” Nilimwambia nitazungumza naye. Sikuzungumza naye. Mtu akiniuliza, humwambia kwamba mpigapicha mzuri hagombani na wenyeji, na hiyo ni kweli, nimewafundisha vijana wengi hivyo. Lakini mwaka ule sababu ilikuwa ndogo zaidi. Wangehamishwa, ningebaki na vyura. Nilikuwa nimepanga kwamba nikishampata nzohe, asubuhi hiyohiyo nitatoka kibandani na kumjibu Paskazia salamu zake zote kwa mpigo, kwa Kinyambo safi cha Ihembe, na Editha apate kuona wifi yake anavyoanguka majini. Nilikuwa na maneno tayari. Niliyafanyia mazoezi kichwani, na wakati mwingine nilitikisa midomo.

Kiangazi kikakaribia kwisha. Olavu aliniletea taarifa kupitia dereva wa lori kwamba atakuja wiki hiyo kuchukua vifaa, tumpate tusimpate. Siku iliyofuata mawifi hawakuja, na siku ya pili yake niliona moshi wa mtu akichoma majani ng’ambo, nzohe akajificha. Nilipopanda kilima jioni nilimkuta Athumani anafunga duka jua likiwa bado juu.

“Kuna msiba,” alisema. “Paskazia wa mafunjo.”

“Paskazia yupi?” niliuliza, kana kwamba walikuwepo wengi.

“Mama mmoja mchangamfu, anaishi nyuma ya kanisa. Presha. Alianguka shambani, wakambeba kwa baiskeli hadi zahanati, wakafika ameshakata roho. Wewe humjui, hukuwahi kuongea naye.”

Nilikaa barazani. Bi Mwanaidi aliniletea bakuli langu na hakukaanga vitunguu jioni ile. Nilikuwa nimeshika tonge nililopaswa kulipeleka mdomoni, na hapo ndipo wazo likanijia, nikaona aibu kwa jinsi lilivyokuja haraka. Kwetu mtu akifa kijijini hakuna anayeshika jembe hadi azikwe. Hakuna anayekata majani, hakuna anayechuma kahawa, hakuna anayeshuka bondeni hata kuosha sufuria. Kila mwenye miguu anapanda msibani. Kesho, kwa mara ya kwanza tangu nifike, bonde lingekuwa tupu kutwa nzima.

“Kesho tutakwenda wote kuzika,” Athumani alisema. “Utavaa shati safi. Na oga, kwa heshima ya marehemu. Sabuni ziko kichwani pako.”

“Mzee wangu, kesho bonde litakuwa halina mtu.”

“Kweli. Litakuwa halina mtu.”

“Sijawahi kulipata hivyo.”

“Kijana, hapa hawatakuuliza ulikuwa na kazi gani. Wanatazama tu nani yupo.”

“Watakaokuwepo ni wengi.”

“Ni wengi,” alikubali, na akasukuma komeo la duka. Kisha akamwita mkewe. “Mama Hamisi, kesho asubuhi umpe huyu chakula mapema. Anawahi kazini.”

Nilishuka na mwanga wa kwanza. Njiani sikukutana na mtu wa kuninyamazia. Nilikaa, nikafungua lenzi, nikafunika kamera kwa mafunjo, na nikangoja sauti ambayo nilijua haitakuja. Jua lilipanda, hakuna aliyeniita. Ndege wa maji walikuja karibu zaidi ya kawaida, mmoja akatua juu ya kibanda nikasikia kucha zake. Baadaye mafunjo yakafunguka, na yule jike akatoka kwenye mwanga mweupe wa asubuhi, hatua kwa hatua, akiinua kila mguu juu kama mtu anayevuka chumba cha wagonjwa. Alisimama wazi mbele yangu, nywele zake zimelowa hadi tumboni. Akageuza shingo. Mtoto akatoka nyuma yake, mwekundu kuliko mama, magoti hayajui yanakokwenda, akateleza, akaamka, akaingia chini ya tumbo na kuanza kunyonya, akimpiga mama kwa kichwa. Mama alimlamba mkia. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo nitalisema popote, mbele ya yeyote: nilikuwa nalia, na mkono wangu haukutetemeka.

Wakati mtoto ananyonya, juu kilimani wakaanza kuimba. Ilikuwa ile kwaya ya kanisani, kwaya ya Paskazia mwenyewe, na upepo ulileta wimbo bondeni vipandevipande. Jike aliinua kichwa akaelekeza masikio juu. Nilidhani amekwenda. Hakwenda. Alisikiliza, kama tulivyokuwa tunasikiliza sote, kisha akarudi kumlamba mtoto. Katika kanda ile, ukiitazama kama ilivyotoka kwenye kamera, nzohe ananyonyesha huku watu wanamzika Paskazia. Katika filamu iliyorushwa duniani wameondoa nyimbo na kuweka vyura. Kikazi ni sahihi. Mtazamaji asingeelewa.

Nilikaa mpaka wawili wale waliporudi ndani wenyewe. Nikapanda, nikaoga kwa sabuni ya Athumani, mche mzima nusura uishe, nikavaa shati safi, nikaenda msibani. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, migomba miwili imekatwa kupisha watu. Niliwapa wafiwa pole kwa Kiswahili. Wakanipa kigoda, wakanipa ndizi na maharage kwenye jani, na yalikuwa na vitunguu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mwanamke mmoja mwembamba, macho yamevimba, alipita akiongeza maharage, akasimama mbele yangu. “Uongezewe?” aliuliza, na kwa sauti ya neno hilo moja nilijua huyo ndiye Editha. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote za maisha yangu, na kati ya watu wote wa kilima kile ndiye pekee ambaye ningeweza kumwambia. Nilisema, “Asante, inatosha.” Akapita.

Nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi, hasa chini ya maji, ambako hakuna anayemsalimu mwingine na pumzi yako mwenyewe ndiyo mazungumzo, kama ningechagua vingine. Nisingechagua vingine. Waliozika walikuwa kijiji kizima, na aliyempiga picha nzohe alikuwa mmoja. Mafia nilikwenda kwa sababu ya asubuhi ile, na baada ya Mafia kila mahali pengine. Nyumba ya Ihembe imesimama juu ya asubuhi ile. Siku hizi nakaa humo peke yangu, mke sikupata wakati wa kuoa, na majirani hunipigia simu kwanza kabla ya kuja, jambo ambalo kwetu hufanyiwa mtu mnayemheshimu sana au msiyemzoea.

Olavu alikuja matanga yalipokwisha. Alitazama kanda mara moja, akanikumbatia, sasa nikinukia sabuni, akasema jina langu mara kadhaa kama anayejifunza kuliandika. Tulishuka pamoja kubomoa kibanda. Tulikuwa tunakunja maturubai ya kufunikia vifaa nilipomwona Editha anakuja kwenye njia, akiwa na msichana mrefu ambaye baadaye niliambiwa ni binti wa Paskazia. Walifika mahali pao pa siku zote, sasa kukiwa hakuna ukuta wa mafunjo kati yetu, wakaanza kukata. Hawakuongea. Sikuwa na sharti tena la kunizuia. Nilisimama wima juu ya kichuguu, nikawaamkia kwa Kinyambo, salamu yote, kama nilivyofundishwa nyumbani: walivyoamka, watoto walivyoamka, migomba, na pole ya kuondokewa.

Mundu wa Editha ulisimama. Alimtazama binti, kisha akanitazama mimi, na niliona anavyorudi nyuma siku moja baada ya nyingine, mwaka mzima, akikumbuka yote waliyoyasema pale. Nilitabasamu. Nilifikiri atacheka kile kicheko chake cha kukwama.

Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akapiga goti kidogo, kama anavyopigiwa mgeni wa heshima. “Tumeamka salama, baba,” alinijibu kwa Kiswahili. “Asante. Safari njema.” Kisha akageuka, akashika funjo jingine, akakata.